Kipanga Hataki Pole

Yasinta Mazengo ni mtu wa kubishana. Wote wanaomfahamu wanamweleza hivyo, kuanzia ndugu zake wa kijijini Haneti hadi wapangaji wenzake wa mtaa wa Kikuyu, na hilo ni moja ya mambo machache ambayo yeye mwenyewe hayabishii.

Mchana ni opereta wa simu katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma. Hukaa nyuma ya mtambo, akapokea simu, akamsalimia mpigaji na kumuunganisha na anayemtaka. Bunge likiwa linakaa mjini mtambo haupumui. Jioni akirudi chumbani kwake hubandika sufuria ya mlenda, akaegesha simu yake ndogo kwenye kopo la chumvi, akaingia Kijiweni.

Kijiweni ni jukwaa la mtandaoni ambako watu hubishana kwa majina ya kujipachika. Wanabishana kuhusu simu mpya iliyotoka, kuhusu hoja iliyotikisa Bunge, kuhusu gemu lipi limechakachuliwa na lipi limeboreshwa. Mtu anafungua mada, ambayo wenyewe huiita uzi, na wengine wanashuka nayo chini wakikosoana mpaka wachoke. Humo Yasinta aliitwa Kipanga. Kwa jinsi alivyokuwa anaandika, wengi waliamini ni mwanaume, tena mwanaume wa makamo mwenye kitambi na hasira.

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Kipanga haoni.

Macho yake yalichukuliwa na surua akiwa na miaka minne. Tangu siku hiyo, nyumbani kwao Haneti, alikalishwa. Wenzake walitumwa kisimani, yeye akaambiwa akae. Walichapwa kwa kuchelewesha mbuzi, yeye akabembelezwa. Siku moja alipiga teke kibuyu cha maziwa kikamwagika chote, na aliyechapwa ni kaka yake Bartolomayo, kwa kukiweka kibuyu njiani. "Huyu haoni, mwacheni," baba yao alisema. Bartolomayo akaja huku bado analia, akamnong'oneza dada yake sikioni: "Umefanya makusudi." Yasinta akajibu, "Ndiyo." Bartolomayo akamfinya mkono kwa nguvu zake zote. Yasinta husema kwamba katika nyumba ile yote, Bartolomayo peke yake ndiye aliyemtendea kama mtu siku hiyo.

Baadaye alipelekwa shule Buigiri, akajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole. Jioni ya kwanza alikaa kitandani akisubiri kuhudumiwa, na mlezi wa bweni akasimama mbele yake.

"Wewe mgeni, sahani yako utaiosha lini?"

"Mimi sioni," Yasinta akasema.

"Humu hakuna anayeona. Bomba liko kushoto, fuata ukuta."

Alikwenda kuosha sahani huku amenuna. Katika muhula ule aligundua mdahalo. Wanafunzi walipangwa pande mbili, wakapewa hoja, na aliyeleta upuuzi aliambiwa ameleta upuuzi. Hakuna aliyemwonea huruma, na yeye hakumwonea mtu. Aliipenda shule ile kwa moyo wote.

Alipokuja kufanya kazi mjini, huruma ilimsubiri barabarani. Asubuhi moja amesimama akisubiri bajaji, na gauni lake la kazini, na fimbo yake nyeupe, mtu akampitia na kumtumbukizia sarafu mkononi. Yasinta akaita, "Wewe! Njoo uchukue hela yako! Mimi nakwenda kazini." Yule mtu alikuwa ameshatokomea. Mgogo, kabila ambalo watu hulisingizia kuombaomba, tena asiyeona, amesimama kando ya barabara Dodoma: watu walikuwa wameshahitimisha wenyewe anaomba nini. Hata hotelini, akienda na jirani yake Salma, fundi cherehani kutoka Kondoa, mhudumu alimwinamia Salma na kuuliza, "Huyu anakunywa chai na sukari?" Na Salma, ambaye alishafundishwa, alikuwa akijibu, "Mimi najuaje? Muulize."

Ndiyo maana aliipenda Kijiweni. Simu yake husoma kwa sauti kila neno analoligusa. Ile sauti hutamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Neno "ng'ombe" ikilifikia utadhani imepaliwa. Yasinta ameiharakisha mno hivi kwamba mtu mwingine akisikiliza husikia mvua ya mawe juu ya bati. Yeye anasikia kila kitu. Na alichokuwa anasikia Kijiweni kilikuwa kitamu: "Kipanga, hoja yako imeoza." "Kipanga, leo umekula nini?" "Kipanga, toa ushahidi au funga domo." Alikuwa akicheka peke yake, anafuta mikono kwa kanga, anajibu.

Mpinzani wake mkubwa alijiita Mkuki wa Kondoa. Huyo hakuwahi kukubaliana naye hata siku moja. Yasinta akisema kifurushi hiki cha intaneti ni wizi, Mkuki anasema wizi ni kile kingine. Yasinta akimsifu waziri kivuli wa chama fulani, Mkuki anamponda. Akimponda, Mkuki anamtetea. Walitukanana kwa adabu karibu kila siku kwa miaka mitatu bila kujua majina ya kweli.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya gemu.

Mtaani Kikuyu kuna banda la gemu la mtu anayeitwa Mbwana. Watu huenda kucheza mpira na ngumi kwenye televisheni, kila mtu na pedi yake mkononi. Yasinta alipenda gemu la ngumi na mateke. Alikuwa anavaa spika za masikioni, na kwa kuwa kila teke na kila hatua ina sauti yake, kulia au kushoto, karibu au mbali, alijua mpinzani yuko wapi na anataka kufanya nini. Alikuwa anashinda na anashindwa kama watu wengine. Mbwana hakuwahi kumpunguzia chochote, ila alimkataza kupiga kelele akishinda.

Toleo jipya la gemu lile lilipotoka, Yasinta alilicheza, akaudhika, akafungua uzi Kijiweni. Aliandika kwamba limeharibiwa: muziki umemeza hatua za miguu, na teke la kulia na la kushoto sasa yana mlio mmoja.

Mkuki wa Kondoa akatua kama kawaida. "Nani anacheza gemu kwa masikio? Wewe gemu hili hujalishika. Picha zake ni nzuri kuliko matoleo yote, na wewe hujataja picha hata kidogo. Tuwekee picha ya skrini tuone."

Wengine wakadandia. Weka picha. Kipanga kaumbuka. Kipanga anasoma habari za gemu kwenye tovuti za watu halafu anajidai mchezaji. Yasinta alijibu hili na lile, lakini kila alipojibu wakarudi palepale: picha. Mwisho akaandika maneno aliyokuwa hajawahi kuyaandika mahali pale.

"Sina picha kwa sababu sioni. Mimi ni mwanamke kipofu tangu utotoni. Nacheza kwa kusikia, na ninachosikia ni kwamba gemu limeharibika. Haya, jibuni hoja."

Hakuna aliyejibu hoja.

Badala yake pole zikaanza kumiminika. "Pole sana dada." "Kumbe ni dada! Mungu ana makusudi yake." "Umenitoa machozi hapa kazini." "Wewe ni shujaa wetu." Mtu mmoja aliandika sala ndefu ya uponyaji. Mkuki wa Kondoa aliandika: "Dada yangu, naomba unisamehe. Sikujua. Nafuta maneno yangu yote." Na kweli akayafuta. Yasinta alipopandisha kidole juu ya uzi wake, simu ilikuwa inamsomea: ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa, ujumbe huu umefutwa.

Akamwandikia: "Nani kakuambia ufute? Hoja yako ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa hoja."

Mkuki alimjibu kwa kialama kimoja tu. Simu ikakisoma: mikono miwili imeunganishwa.

Yasinta alidhani itapita. Haikupita. Kesho yake aliandika kuhusu bei ya simu, wakamwambia amesema kweli tupu. Akaandika kuhusu mjadala wa bajeti, jambo ambalo zamani lingewasha moto, wakamwambia ubarikiwe. Akaanza kuingiwa na wasiwasi wa mtu anayezungumza chumbani na kusikia sauti yake inarudi. Basi akaamua kuwapima. Alikaa mlangoni jioni moja, Salma akiwa pembeni anapinda shati la mteja, akafungua uzi huu:

"Napendekeza serikali ipige marufuku simu zote zenye kioo, zibaki za vibonye tu. Televisheni ziuzwe bila skrini. Na wabunge wote wajadili bajeti wakiwa wamefungwa vitambaa machoni."

Akasubiri. Simu ikaanza kusoma. "Wazo zito sana dada Kipanga." "Tunajifunza mengi kutoka kwako." "Hili la vitambaa litafakariwe." "Ubarikiwe."

Yasinta aliitupa simu kwenye mkeka.

"Kuna nini, dada?" Salma akauliza.

"Wameniua."

"Nani kakuua?"

"Kijiweni. Wameniua, halafu wanapanga foleni kuniwekea maua."

Salma aliachia sindano. "Lakini dada, si wanakuheshimu?"

"Nimeandika upuuzi mtupu, Salma. Upuuzi ambao hata mlevi angeukataa. Mtu anayekuheshimu akikusikia unaropoka anakwambia unaropoka. Hawa hawanisomi. Wanaona neno kipofu, wananipitishia mkono kichwani kama mtoto mgonjwa, wanakwenda zao."

Siku chache baadaye alipigiwa simu kwa namba aliyojisajilia Kijiweni. Mpigaji alijitambulisha kuwa Elieza, msimamizi na mwenye Kijiweni. Alikuwa na sauti ya mtu anayependa kutoa habari njema.

"Dada Kipanga, tumekuwekea nyota ya dhahabu pembeni ya jina lako. Mwanachama wa Heshima. Uko peke yako."

"Nyota ya nini, kaka?"

"Ya kututia moyo. Na usiwe na wasiwasi, nimeshawaandikia wanachama wote. Atakayekukosoa namfungia."

Yasinta alimeza tusi lililomjia. "Umewaandikia nini?"

"Kwamba usisumbuliwe."

"Kaka Elieza, mimi naingia humo ili nisumbuliwe."

Elieza alicheka, akidhani ni utani, akaendelea. Wanachama wa Dodoma na mikoa ya jirani walikuwa na mkutano wao wa mwaka, Jumamosi, katika ukumbi mmoja Makole. Walikuwa wamechanga. Kulikuwa na zawadi yake, hakutaka kusema ni nini. Yasinta alitaka kukata simu, kisha akauliza jambo moja.

"Mkuki wa Kondoa atakuwepo?"

"Mudrick? Atakuja, ameshathibitisha."

Hivyo ndivyo alivyolijua jina lake. "Basi na mimi nitakuja," akasema.

Jumamosi asubuhi Salma alimsindikiza. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, feni moja inayolia, na harufu ya pilau ikitoka upande wa nyuma. Watu walipoambiwa kwamba huyu ndiye Kipanga, walishusha sauti kama wameingia msibani. Wakaja kumshika mkono mmoja mmoja, wakimwambia majina yao ya mtandaoni. Yasinta aliwatambua wote. Kulikuwa na mmoja ambaye mwaka juzi alimwita zumbukuku; sasa alikuwa anamwita mama.

Elieza alihutubia kwanza. Alieleza jinsi dada huyu, pamoja na masaibu yake, anavyotumia simu na hata kucheza gemu, na kwamba sisi wenye macho tunapaswa kujiuliza tumefanya nini. Watu wakapiga makofi. Kisha akamwita mbele, na hapohapo mtu akamkamata Yasinta kiwiko na kuanza kumkokota.

"Niachie mkono, kaka," Yasinta akasema, na kwa kuwa ni mtu wa kazi ya simu, sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Nikihitaji kushikwa nitaomba. Na nikiomba, mimi ndiye ninayekushika."

Alifika mbele kwa fimbo yake. Elieza akamwekea boksi mikononi. Yasinta alilipapasa, akatikisa, akajua: simu, mpya, ya bei kubwa. Kipaza sauti kikasogezwa mdomoni kwake ili ashukuru.

"Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu," alianza. "Nimepewa simu. Nauliza, nimefanya nini?"

"Umetutia moyo!" mtu akajibu.

"Kwa lipi? Kwa kusema gemu limeharibika? Hakuna hata mmoja aliyenijibu kama limeharibika au halijaharibika. Niliwaandikia kwamba wabunge wafungwe vitambaa machoni, mkaniambia nibarikiwe. Miaka mitatu mmenitukana humo, na nikawatukana, na ilikuwa miaka mizuri. Siku nilipowaambia sioni, mkaniacha peke yangu. Mnaliita jambo hilo heshima?"



"Dada, jamani," Elieza alisema taratibu, pembeni ya kipaza sauti, "watu wamechanga kwa upendo."

"Najua. Ndiyo maana sitaitupa. Lakini ya bure siitaki. Nataka tuishindanie. Mudrick wa Kondoa yuko humu? Aje mbele. Tujadili hoja moja, ukumbi uamue, atakayeshinda aondoke na simu."

"Dada, ratiba..."

"Ratiba iliyobaki ni pilau. Pilau itasubiri."

Hapo watu walicheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza cha kweli tangu aingie. Elieza hakupenda, lakini hakuwa na la kufanya, kwa sababu viti vya nyuma vilikuwa vimeshaanza kuita, "Mkuki! Mkuki!"

Mudrick alikuja mbele. Yasinta alikuwa amemjengea mwili mkubwa kichwani mwake. Kumbe alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu anayeongea huku ameinamisha shingo. Alikuwa fundi simu mjini Kondoa, alisema, na nyumbani kwao vilimani ni wakulima wa mbaazi. Walikubaliana hoja: huduma zote za serikali zihamie kwenye simu, na madirisha ya ofisi yafungwe. Yasinta akaunga mkono, Mudrick akapinga.

Yasinta alianza. Alijitaja jina lake la kweli, akasema amesoma Buigiri, lakini dirishani ndiko anakodhalilishwa. Karani hamuulizi yeye jina lake, anamuuliza aliyemsindikiza. Karatasi anasomewa na mtu mwingine, anaonyeshwa pa kubandika dole gumba kwenye maneno ambayo hayajui. Kwenye simu anasoma mwenyewe, anajaza mwenyewe, na hakuna anayejua kama ana macho au hana. "Dirisha la ofisi ni la watu wanaotazamwa vizuri," alisema. "Lifungwe."

Walimpigia makofi mengi. Zamu ya Mudrick ikafika.

"Kwa heshima ya dada yetu," alianza, "na kwa hali yake, mimi kwa kweli sina..."

"Toa heshima, weka hoja," Yasinta akamkatisha.

"Dada, mimi..."

"Umesafiri kutoka Kondoa kuja kugugumia? Au mikuki ya huko siku hizi ni ya kuchezea ngoma?"

Ukumbi ulilipuka. Kutoka viti vya nyuma ikasikika sauti ya Salma, Mrangi wa Kondoa kama Mudrick, amesimama: "Mudrick! Usituaibishe!"

Mudrick akawa kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Akavuta kipaza sauti.

"Sawa," alisema, na ile sauti nyembamba ikakaza. "Dada Yasinta anasema dirisha lifungwe. Mimi nasema dirisha halifungiki, linahama. Njoo dukani kwangu Kondoa siku ya gulio. Wazee wanashuka kutoka vilimani na simu zao mifukoni, wamezifunga kwa mpira. Wanataka cheti, wanataka mbolea ya ruzuku, wanataka kitambulisho. Wameambiwa vyote viko kwenye simu. Hawajui kuvipata, na huko kwao mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haraka. Wananipa mimi. Wananitajia na namba ya siri. Ninazo kichwani namba za siri za nusu ya watu wa gulio lile! Bibi yangu mzaa mama, Bi Tabu, hajui kusoma. Aliyemjazia maombi yake ni mimi, na angejaziwa vibaya asingejua. Sasa karani ni nani? Ni mimi. Yule wa dirishani ana bosi wake, ana jina kifuani, unaweza kumshtaki. Mimi utanishtaki wapi? Dada anasema kwenye simu anasoma mwenyewe. Hongera yake, amesoma Buigiri. Anataka wafungiwe dirisha wasiosoma, ili yeye asisumbuliwe na karani mwenye dharau. Mfukuzeni karani mwenye dharau! Msifunge dirisha!"

Kelele zilizofuata zilichukua muda kutulia. Yasinta alikuwa amesimama ameshika fimbo kwa mikono miwili. Alitafuta jibu, akapata moja, akaliona dogo. Akatafuta lingine. Aliwafikiria watu wa Haneti, majirani wa mama yake, wanaoshuka barabarani na simu zao kutafuta mtu wa kuwasomea ujumbe.

"Basi wewe uwe mwaminifu," alisema mwishowe, na watu wakacheka, naye akacheka, kwa sababu alijua halikuwa jibu.

Elieza aliwataka watu wapige kura kwa makofi. Aliposema jina la Yasinta, makofi yalikuwa mengi. Yasinta akainua mkono. "Anayenipigia kwa huruma ashushe mikono yake." Yakapungua. Yakapungua zaidi. Kisha likatajwa jina la Mudrick, na ukumbi ukatikisika, na aliyepiga vigelegele kuliko wote alikuwa Salma.

Alikuwa ameshindwa mbele ya watu, bila ubishi. Yasinta alisimama pale huku kifua kimejaa hasira na furaha kwa pamoja, asijue aanze na ipi. Akanyoosha boksi upande ilikokuwa ile sauti nyembamba.

"Hapana, dada, chukua tu," Mudrick alisema chini chini. "Mimi ni fundi. Simu ninazo."

"Umeshinda au hujashinda?"

"Nimeshinda, lakini..."

"Ukinirudishia hii, nitakufungulia uzi kila wiki mpaka uhame Kondoa."

Mudrick aliichukua.

Wakati wa pilau alikuja kukaa karibu naye na sahani yake. Alikula kidogo, akajikaza, akasema, "Lile gemu, dada. Muziki unazimwa. Kuna sehemu ya mipangilio."

"Mipangilio haisemi. Ningejuaje?"

"Hapo nakubali, hilo ni kosa lao na uliandikie. Lakini wewe uliandika gemu limeharibika. Halijaharibika. Hukuzima muziki."

"Na mateke?"

"Mateke yanatofautiana. La kulia ni zito. Nimesikiliza nimefumba macho."

Yasinta aliacha kula. "Umefumba macho?"

"Tangu siku ile. Nafunga duka, nafumba macho, nacheza. Napigwa vibaya sana." Akachota pilau. "Lakini yanatofautiana."

"Hayatofautiani."

"Yanatofautiana, dada."

Salma husema hawakumaliza hata nyama. Walikwenda moja kwa moja hadi banda la Mbwana, muziki ukazimwa, wakacheza mpaka jioni, na ukimuuliza kila mmoja nani alishinda utapata majibu mawili. Mateke yalionekana kutofautiana. Yasinta alikiri hivyo kwa maneno yake mwenyewe: "Kidogo mno, na hawakupaswa kunitafutisha."

Kijiweni iligawanyika. Wapo waliosema dada amewapa somo. Wapo waliosema hana shukrani, watu wamejinyima wakachanga, yeye amekwenda kugawa. Elieza alinuna kwa muda, akaondoa ile nyota, jambo ambalo Yasinta alikuwa ameshamwomba mara nyingi. Na kukatokea mtu mmoja aliyeandika, chini ya uzi wa bei ya vifurushi, kwamba ndiyo maana Mungu alimnyima macho mwanamke huyu, kwa ajili ya jeuri yake.

Hilo lilimuuma. Alimwambia Salma kwamba lilimuuma, na jioni ile hakuandika kitu. Kesho yake wakati wa mapumziko ya chai, pale pale kwenye mtambo, akajibu: "Umemleta Mungu kwenye uzi wa vifurushi. Rudi kwenye mada." Elieza akampigia simu, akasema anamfungia yule mtu. Yasinta akamwambia, "Mfungie kwa kutoka nje ya mada. Si kwa ajili yangu." Elieza akafanya hivyo hivyo alivyoambiwa, na tangu siku hiyo akiwa na neno na Yasinta humwandikia hadharani, akimkosoa, kama anavyomkosoa kila mtu.

Sasa hivi wanabishana kama mbunge anaruhusiwa kuandikiwa swali na akili mnemba. Mudrick anasema ruksa, mradi aelewe anachouliza. Yasinta anasema mbunge asiyeweza kuandika swali lake mwenyewe arudi jimboni akawaombe radhi waliomchagua. Mudrick amemwambia hoja hiyo imeoza. Yasinta amemwambia alete ushahidi au afunge domo. Uzi umeshakuwa mrefu kupita kiasi, hakuna dalili ya mmoja wao kulegea, na wanaoufuata wanazidi kuongezeka.